Ua la Manjano Lenye Nyuzi Sita

Savrinisso hakuweza kuufukuza akilini uvumi ule: eti ng'ambo ya mto mtoto amekufa kwa kula kitunguu cha ua linaloota theluji ikiyeyuka.

"Maneno ya watu hayo," mama mkwe wake alicheka. "Mwanangu, sisi tumevila vitunguu hivyo tangu utotoni. Si kijiji kizima kingekwisha?"

Asubuhi ile ndege hudihudi wa kwanza wa majira alikuwa akidonoa matope bustanini, chini ya mti wa aprikoti, Nozanin, binti wa Savrinisso, alipoingia mbio na maua ya manjano kutoka mlimani. Bibi yake akayagusisha machoni, kama ilivyo desturi, akashukuru kuuona mwaka mwingine. Mtoto alikuwa anatafuna vitunguu vyake.

"Umekula vingapi?" Savrinisso aliuliza.

"Viwili tu, mama. Lakini vichungu."

Vya kuliwa ni vitamu. Savrinisso akalipasua ua moja. La kuliwa lina nyuzi tatu za chavua ndani. Hili lilikuwa na sita. Alimbeba mtoto hadi zahanati, ua mkononi.

Siku ya nne ya matibabu Nozanin aliomba mkate. Bibi akabubujikwa na machozi. Savrinisso alimkatia kipande, moyo ungali umekufa ganzi, kisha akaandika karatasi na kuibandika langoni:

Msile kitunguu cha ua lolote la mlimani.
Msiwaache watoto wachimbe peke yao.
Msingoje tumbo liume. Sumu hii huchelewa.
Msilitupe ua, mpelekeeni daktari.