Damu ya Bernadina na Duara la Ndaki

Mficha maradhi kilio humfichua. Bernadina hakuyaficha, aliyatangaza, na kutangaza ndiko kulikotaka kummaliza.

Alianza kupauka msimu uleule ambao duara la mumewe, Ndaki, shimo lake la kuchimbia, lilipata dhahabu huko Masumbwe. Ulimi ulibaki mwekundu, mtelezi, ukiwaka hata kwa chumvi. Ugali ulimkalia tumboni kama jiwe. Aliyemuuliza alimjibu, "Damu inaniishia." Wachimbaji wakajumlisha wenyewe: damu ya mke inashuka, dhahabu inapanda. Hiyo ni ndagu, uchawi wa utajiri, mke katolewa kafara.

"Ndaki, wewe kiboko!" walimtania. "Mama Limi anafifia, sisi tunanona!"

Ndaki hakukanusha. Sifa hiyo ya kutisha ilimlindia duara. Wezi walilipita mbali. Nyumbani alimletea mkewe maini na juisi nyekundu ya maua ya choya. Havikusaidia.

Ganzi ilipopanda kutoka nyayoni hadi magotini, Bernadina alikwenda hospitali. Daktari akamweleza, "Kinga ya mwili wako imekugeuka, inalishambulia tumbo lako. Vitamini ya kutengeneza damu haipiti tena, hata ule maini kila siku. Utachomwa sindano maisha yako yote. Usichelewe, mishipa ya fahamu ikifa, haifufuki."

Bernadina alimpelekea Ndaki habari hiyo. "Ngoja kwanza mwamba wa dhahabu uishe, mama Limi," Ndaki alisema.

"Kumbe na wewe unaamini?"

"Mimi siamini. Wenzangu wanaamini. Ukipona, nani atashuka shimoni?"

Bernadina akangoja. Akangoja mpaka siku alipokanyaga kaa la moto jikoni, akajua kwa harufu tu ya ngozi kuungua. Hapo hakumuaga mtu. Alikwenda kuchomwa sindano.

Rangi ilimrudia usoni. Nyayo hazikurudiwa na hisia, alitembea ameinama, akiitafuta ardhi kwa macho. Na mwamba, kama miamba yote, ukakatika.

Wachimbaji wakajaa uani. Mabula, msemaji wao, hakupandisha sauti.

"Shemeji, umetuzimia riziki. Omba radhi mbele ya watu, tuchinje mbuzi, yaishe."

"Sema tu, mama Limi," Ndaki alinong'ona. "Ni neno tu."

Bernadina alishika nguzo ya baraza asianguke.

"Siombi radhi," alisema. "Si leo, si kesho. Mbuzi mleni wenyewe."