Tembo wa Kapu Moja la Mpunga

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nasema mapema kabla hamjaambiwa na mke wangu.

Binti yetu Varahalu alikuwa anaposwa na Demudu, mwana wa Latchayya wa ng'ambo ya mfereji. Kwetu tambuu ya posa haipokelewi mpaka mtunza nasaba asimulie kila upande umetoka wapi, maana watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani. Kazi hiyo ni ya Gurappa, kama ilivyokuwa ya baba yake. Kila mavuno tunampa mpunga, naye anatukumbukia wazee wetu.

Sasa, wazee wenyewe! Babu yetu wa kwanza aliingia hapa akikimbia njaa, anavuta maksai mmoja, tena kipofu. Ndiyo maana mvua zikianza, siku ya kwanza ya kulima, maksai wetu wa mbele hupakwa manjano juu ya macho. Latchayya ana majivuno. Nikaona atanicheka mbele ya watu. Asubuhi nikampelekea Gurappa kapu la mpunga.

"Mzee, leo yule kipofu mruke. Nitafutie babu mwenye tembo."

"Mkubwa au wa wastani?"

"Mkubwa. Na wachimbe bwawa."

Jioni, wageni walipoketi uani kwetu, Gurappa hakuniangusha. Tembo wa simulizi alipoanza kuburuta udongo wa bwawa, mimi nikawa nasokota masharubu. Mara Latchayya akaruka.

"Ngoja! Huyo babu ni wetu! Tembo wetu, bwawa letu!"

Kisha akajishika kichwa.

"Basi sisi ni ukoo mmoja," akasema polepole. "Hawa watoto ni ndugu."

Demudu akanitazama. "Kwa hiyo nikuite baba mdogo, au baba mkubwa?"

Hata sikujua. Dada yangu Narayanamma, aliyeolewa na binamu wa Latchayya miaka ishirini iliyopita, akaanza kulia. "Na mimi je? Nimezaa na kaka yangu? Wale wanne niwaweke wapi?"

Mlangoni nikamwona Varahalu na shada lake la maua, hajui aingie au arudi ndani. Nikamgeukia Gurappa.

"Sema basi!"

Gurappa akakohoa. "Tembo nilirithi mmoja tu. Sikukumbuka kwamba marehemu baba alishampa mzee wake Latchayya. Kwa makapu mawili."

"Mwongo!" Latchayya akafoka. "Wa kwetu ni wa kweli! Wa kununua ni wa huyu Sanyasi!" Akaninyooshea kidole.

"Wangu wa kununua, nakubali; babu yetu halisi alikuja na maksai kipofu," nikasema. "Basi si ndugu. Tupokee tambuu."

"Tambuu gani? Mwanangu haoi kwa watu wa maksai kipofu!" Akatupa shali begani, akaanza kutafuta viatu.

Nikasema ana kiburi, akasema nina uongo, nikasema wake una umri mkubwa kuliko wangu. Tungekesha hapo kama mama yangu, Appalanarasamma, asingeinua kichwa kwenye kinu cha manjano.

"Latchayya mwanangu," akamwita kwa upole, "kama tembo mnaye, yule maksai uliyekuja kutuazima juzi ukalimie, bado ana manjano machoni, ulimtakia nini?"