Iweto wa Kavata

Watu wa Mutomo husema nina mdomo. Ni kweli, na hadithi hii nitaisimulia kwa mdomo huohuo, maana walionitangulia kuisimulia wameitia chumvi ya kutosha.

Mimi ni Kasyoka, na niliolewa na mwanamke. Tuliza moyo. Kwetu Ukambani, mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mbuzi wa mahari akaleta msichana nyumbani, azae watoto wa kuendeleza jina la marehemu. Msichana huyo huitwa iweto. Kitanda ni chake peke yake. Yeye ni kama mke wa mwana ambaye hakuzaliwa. Kavata, mjane wa Musyoka, alinitoa Matiliku mwaka ule nchi ilipopata uhuru, nami nikamzalia wajukuu. Baba yao ni nani? Baba yao ni Musyoka, aliye kaburini, na ukiniuliza zaidi nitakuuliza wa kwako ni nani.

Mwanzoni nilimwita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa adabu tu. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mkali kama pilipili. Mbuzi akipotea, ni mimi. Maharagwe yakiungua, ni mimi, hata kama mpishi alikuwa yeye.

Halafu akaokoka, akaanza darasa la ubatizo. Nilicheka. Nilikuwa nimewaona waliookoka, na wengi wao Jumatatu walikuwa walewale wa Jumamosi. Nikasubiri achoke.

Hakuchoka. Siku moja mbuzi wa jirani waliingia shambani wakamaliza mbaazi. Zamani kijiji kizima kingesikia. Safari hii aliwakusanya, akawarudisha kwa mwenyewe bila neno, na mimi niliyekuwa kando yake niliona mishipa ya shingo ilivyomsimama. Alipofika nyumbani aliingia ndani kuomba, na maombi yale yalikuwa marefu.

Kisha kikaja kiangazi. Kisima cha karibu kikakauka, maji tukayafuata mbali, kwenye silanga, bwawa walilochimba wazee wetu. Nilikuwa na mimba ya huyu wa mwisho. Asubuhi moja nikakuta mtungi hauko. Kavata alikuwa ameuchukua mwenyewe, anapanda kilima akihema, mtungi mgongoni, mkanda wake wa ngozi umembana kwenye paji la uso. Mwanamke wa umri wake, aliyetoa mbuzi ili apate wa kumchotea! Nilimfokea. Akaniambia kwamba darasani walisoma jinsi Bwana alivyowaosha wanafunzi miguu, na kwa kuwa mgongo wake haukubali kuinama hivyo, amechagua kuleta maji. Siku hiyo nilimpenda. Nasema waziwazi, nilimpenda, na lile neno Mwaitu likaanza kutoka moyoni.

Sasa, pasta wetu alikuwa Gicheru, mtu wa Murang'a, kijana mwenye imani ya kweli na Kikamba cha kusalimia tu. Alihubiri kwa Kiswahili, naye mzee wa kanisa Kilonzo akatafsiri. Majuma machache kabla ya ubatizo, Kilonzo alimweleza pasta habari zangu, na pasta akashtuka. Sheria ya kanisa ilisema mwanamume mwenye wake wawili amwache mmoja ndipo abatizwe. Wakakaa, wakaona sheria hiyo inamhusu Kavata pia. Anirudishe kwetu pamoja na watoto, kisha aingie majini. Watu walinong'ona kwamba Kilonzo analimezea mate shamba la Musyoka. Hapana. Kilonzo aliamini alichosema, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mwizi ningejua la kumfanya.

Nilifunga mzigo. Si kwa wema, kwa hasira. Nilijiambia afadhali nijitoe kuliko nitolewe. Tena nilijua mama huyu anautamani ule ubatizo kama mtu wa Mutomo anavyotamani mvua. Kavata aliingia akanikuta nafunga leso ya mwisho. Akaketi juu ya mzigo.

"Yesu hajaniambia nikufukuze," akasema. "Ni Kilonzo ameniambia."

"Hutabatizwa, Mwaitu."

"Basi nisibatizwe. Lakini wataniambia mbele ya watu, si pembeni."

Kisha akalia, kwa sababu ubatizo aliutaka kweli.

Jumapili ya ubatizo tulienda silanga sote. Pasta alikuwa amemwambia kwamba nafasi bado ipo: akubali tu mbele ya kanisa kwamba ameniacha. Waliotangulia waliingia majini, wakaulizwa kama wanamkataa Shetani na kazi zake zote, wakasema wanamkataa, wakazamishwa. Zamu ya Kavata ikafika. La Shetani alilijibu vizuri. Ndipo pasta akauliza swali la pili, la kwake peke yake: je, anamkataa Kasyoka? Kilonzo akafungua mdomo atafsiri. Kavata akamwinulia mkono anyamaze. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini alitaka maneno yake yasipite kinywani mwa mtu mwingine.

"Shetani mimi nakataa," akasema. "Kasyoka hapana. Nyinyi mlinifundisha kupenda watu, mimi nikaanza na huyu wa nyumbani. Sasa mlitaka nianze na nani?"

Mkono wa pasta ulikuwa tayari begani pa Kavata. Akauondoa polepole, na nadhani ulimuuma. Kavata alitoka majini, gauni jeupe limelowa mpaka kiunoni na kichwa kikavu, akapita katikati ya kwaya. Njiani aliniambia nisiwachukie. Nikamwambia hilo asiniombe siku hiyo.

Jumapili iliyofuata nikamwona anavaa viatu. Nilimuuliza anaenda wapi. Akashangaa, akasema anaenda kanisani, kwani Jumapili watu huenda wapi? Nikambeba mtoto mgongoni, nikawashika wengine mikono, nikamfuata, mimi ambaye miaka yote sikuwa nimevuka ule mlango. Tuliketi benchi la mbele. Kilonzo alikuja akatuonyesha la nyuma, wanapokaa walio chini ya nidhamu ya kanisa. Kavata alimsalimia kwa heshima na hakuondoka.

Baada ya mahubiri pasta aliuliza, kama ilivyokuwa desturi, kama yupo anayetaka kumpokea Bwana. Nikasimama. Pasta alikuwa mtu mwaminifu, akaniuliza lile alilowauliza wote: ni nani aliyenileta kwa Bwana?

"Kavata," nikasema.

"Kavata hajabatizwa."

"Najua, Pasta. Waliobatizwa wamepita mlangoni kwangu miaka yote hii. Hakuna hata mmoja aliyeingia."

Kilonzo akaniamuru niketi mpaka wazee wajadili. Pasta hakusema niketi wala nisiketi. Aliinamisha kichwa akafungua kitabu cha nyimbo. Kavata akasimama kando yangu, tukaimba.

Wazee bado wanajadili. Nami sijaketi.