Mnada wa Pili

Dominika alikaa kwenye kiti cha chuma ndani ya benki pale Masasi, miguu ameibana pamoja ili mtu asione soli ya kiatu cha kulia ilivyoachia. Alikuwa ameshuka kutoka Newala na gari la alfajiri. Nauli ya kurudia aliifunga kwenye pindo la kitenge, mbali na pochi, asije akajisahau akanunua chai. Namba yake ilipoitwa ilikuwa imekaribia saa sita, na tumbo lilikuwa limeshakata tamaa ya kunguruma.

Afisa wa mikopo alikuwa binti aitwaye Furaha, mwenye sauti ya upole na kucha zilizopakwa rangi ya zambarau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya ule unafuu wa mkopo wa nyumba."

"Unafuu upo. Mteja aliyepoteza kipato anasimamishiwa marejesho miezi sita. Riba inaendelea, lakini nyumba haiguswi." Furaha alivuta fomu. "Nahitaji barua ya mwajiri inayosema umeachishwa kazi."

"Sijaachishwa. Kiwanda kimesimama, tumeambiwa tuko likizo bila malipo."

"Tangu lini?"

"Miezi saba sasa."

Kalamu ya Furaha ikasimama. "Kwa hiyo bado ni mwajiriwa."

"Bila mshahara."

"Naelewa, mama. Lakini ni mwajiriwa."

Dominika aliitazama ile fomu iliyokuwa ikirudishwa taratibu mahali pake. "Na ile bima tuliyokuwa tunakatwa kila mwezi?"

"Ile ni ya kifo," alisema Furaha, na kwa kweli alionekana kuona aibu kidogo. "Ungefariki, deni lote lingefutwa."

Wakati gari linapita Chiungutwa kurudi juu, abiria wenzake walinunua mahindi ya kuchoma dirishani. Yeye aliegemeza kichwa kwenye kioo akafumba macho, aonekane amelala.

Kabla ya kukopa na kununua nyumba hiyo, Dominika alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la spea kwa miaka kumi na mmoja, tangu alipomzika mumewe Zabroni. Humo ndimo alimolelea Glory mpaka akaolewa Mwanza. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha kubangulia korosho, meza ya kupanga madaraja, na alikuwa na vidole vya kujua punje iliyopasuka kabla jicho halijaiona. Siku moja watu wa benki walikuja kwenye bwalo la kiwanda na soda za bure. Kodi, walisema, ni kumjengea mwenzio. Anayesubiri bei ishuke atazeeka anasubiri. Mtu mmoja aliuliza ikitokea kazi ikaisha itakuwaje. Yule msemaji akacheka kidogo, akasema korosho hazijawahi kuisha Newala.

Ni kweli hazikuisha. Ziliendelea kuvunwa kila msimu na kupita mbele ya lango la kiwanda kwenye malori, na maganda yake, kwenda bandarini, kwa sababu wanunuzi wa nje walitoa bei ambayo mwenye kiwanda hakutaka kuifikia. Mashine zilibaki bila kitu cha kubangua.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, kando ya barabara ya kwenda Kitangari. Wenye macho ya mjini wangeiona ndogo. Lakini uani kulikuwa na kisima cha saruji kilichopokea maji ya mvua kutoka bati zima, na katika nchi ile ya juu, ambako wanawake hushuka mteremko kwa saa nzima na kupanda kwa mbili wakiwa na ndoo kichwani, kisima ni nusu ya nyumba. Majirani walikuwa wakija na ndoo zao, wanapiga soga huku kamba inashuka. Tangu dalali abandike tangazo la mnada kwenye ukuta wa mbele, walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara. Hawakuwa watu wabaya. Hawakujua waseme nini tu. Dominika akawa anapika ugali wa mtu mmoja, anakula amesimama, anaosha sahani moja. Siku nyingine jua lilizama hajatamka neno, hata akajikohoza ili aisikie sauti yake.

Glory alipopiga simu, mama alisema mambo ni mazuri. Mtoto ana mume na wakwe wa kuwatazama. Hakutaka kumkosesha usingizi.

Pale kiwandani alibaki mlinzi, paka wawili na afisa utumishi, kijana aliyeitwa Trevor. Dominika alimkuta anajipepea kwa faili.

"Shikamoo, Mama Glory. Karibu, kaa hapa." Alimpangusia kiti kwa mkono wake mwenyewe. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, nikiandika kwamba tumekuachisha, kesho yake tunadaiwa kiinua mgongo chako. Miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Unaona. Na mko mia mbili. Nikikuandikia wewe, lango litafurika."

"Basi andika tu kwamba sina mshahara."

"Hiyo nayo ni kukiri. Bosi hatakubali." Alitazama mlangoni, akashusha sauti kama anayempa mtu zawadi. "Ila ninaweza kukusaidia hivi. Andika wewe barua ya kuacha kazi. Mimi naipokea, nagonga muhuri. Benki wanataka kuona huna kazi, si ndiyo? Wataona huna kazi."

"Na kiinua mgongo?"

"Anayeacha mwenyewe hana. Lakini wewe sasa hivi unatafuta kipi, kiinua mgongo au nyumba?"

Dominika alirudi nyumbani na swali hilo, akakaa nalo siku mbili. Hakuwa na wa kumuuliza. Zabroni angesema subiri, maana Zabroni alikuwa mtu wa kusubiri, alisubiri hata kwenda hospitali. Siku ya tatu alichukua karatasi ya mistari akaandika kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na masista: *Mimi Dominika Zabroni ninaacha kazi kwa hiari yangu.* Kauli hiyo ya hiari alielekezwa na Trevor. Muhuri ulipogongwa, ulitoa sauti ndogo sana.

Kwa mara ya pili alishuka Masasi. Furaha aliisoma barua, akairudia.

"Mama, hii inasema umeacha kwa hiari."

"Ndivyo nilivyoambiwa niandike."

"Aliyeacha kwa hiari hahesabiki kuwa amepoteza kipato."

"Mwanangu, nani anaacha kazi kwa hiari na deni liko shingoni?"

Furaha aliigeuza kompyuta ili Dominika naye aone. Kulikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa *ameachishwa*, cha pili *amefariki*. "Mfumo haunipi kingine," alisema. "Ningekuwa nacho ningekubofyea."

Wiki moja kabla ya mnada walikuja wanandoa wawili na pikipiki kutoka Mnyambe. Oscar na mkewe Wema, wote walimu wa shule ya msingi. Wema alikuwa na mimba kubwa, na alivua viatu mlangoni ingawa Dominika alimwambia asijisumbue.

"Shikamoo, mama. Samahani sana kwa kukuingilia hivi," alisema Oscar. "Tumeambiwa mtu anaruhusiwa kuangalia."

"Marahaba. Angalieni."

Walitembea humo ndani wakinong'ona kama watu walioingia kanisani ibada ikiendelea. Oscar aligonga kuta kwa kifundo cha kidole. Wema alisimama kwenye kile chumba kidogo alichokuwa akilala Glory akija likizo, akafungua mikono kupima, na Dominika akajua anapima mahali pa kitanda cha mtoto. Kisimani walikaa muda mrefu. Dominika aliwachotea maji wanywe. Aliwaambia ukweli wote: mlango wa jikoni unakwama kipindi cha mvua, bati moja upande wa mashariki linahitaji msumari, mvua ya kwanza iachwe imwagike kwa sababu inashuka na vumbi la kwenye bati.

"Mmepanga kununua kwa mkopo?" aliwauliza.

"Wa miaka kumi na mitano," alisema Oscar, kwa fahari iliyomponyoka. "Wanakata kwenye mshahara. Tumechoka na kupanga, mama. Mwenye nyumba wetu anatupandishia kila mwaka."

"Shida ni kuamua lini," Wema alidakia. "Kuna dada wa benki ametushauri, si rasmi lakini, tusinyooshe mkono mnada wa kwanza. Asipopatikana mtu wanaitisha wa pili, na wa pili bei inaanguka." Kisha akamtazama Dominika, uso wake hauna hila hata chembe. "Mama ungekuwa sisi, ungenunua sasa au ungesubiri?"

Dominika alijua hesabu ile vizuri kuliko wao. Nyumba ikiuzwa kwa bei yake, deni linakufa na yeye anaondoka hana kitu lakini yuko huru. Ikiuzwa kwa bei ya pili, kinachopungua kinabaki kuwa deni kwa jina lake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: nunueni sasa, anayesubiri atazeeka anasubiri. Aliyasikia yanavyopanda, na sauti iliyoyabeba haikuwa yake. Akalitazama lile tumbo la Wema, lililoinuka na kushuka chini ya kitenge.

"Mna akiba yoyote?" aliuliza.

Walitazamana. "Ya kuanzia tu."

"Basi msikilizeni huyo dada," alisema Dominika. "Mtabakiwa na cha kushika mkononi."

Wema alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Walipoondoka, pikipiki ilisikika muda mrefu kwenye barabara iliyonyooka. Dominika aliketi kwenye ukingo wa kisima akajiita mjinga, mara mbili, kwa sauti, na hakukuwa na wa kumbishia.

Mnada wa kwanza walikuja wazee watano na dalali, na hakuna aliyenyoosha mkono. Wa pili nyumba ilikwenda kwa bei iliyozidi kidogo nusu ya thamani yake. Oscar alisaini juu ya tangi la pikipiki. Hakumtazama Dominika usoni, na Dominika hakumlaumu. Wema hakuja; alikuwa amejifungua mtoto wa kike juzi yake. Siku ya kuhama, mizigo ilitosha kwenye bajaji moja, safari moja. Mama mmoja mjane, Zena, alimpangisha chumba karibu na soko, na hapo hakuna kisima, maji ni ya kununua kwa ndoo. Benki ilituma ujumbe kwenye simu kumjulisha kiasi kilichobaki na tarehe ya kuanza kukilipa.

Mwezi wa kumi na moja kiwanda kilifunguliwa. Mwenye kiwanda alikuwa amepata mzigo wa korosho. Wale waliobaki kwenye likizo bila malipo waliitwa kwa majina, kwenye orodha iliyobandikwa langoni, warudi kwenye nafasi zao. Dominika aliipitia orodha hiyo kwa kidole kuanzia juu hadi chini, ingawa alijua. Alipokutana na Trevor uani, kijana yule alimwamkia kwa heshima ile ile.

"Shikamoo, Mama Glory. Wewe uliacha mwenyewe, unakumbuka. Lakini vibarua tunachukua. Malipo kwa kilo. Pale kwenye foleni."

Foleni ilikuwa ya wasichana wengi, baadhi yao aliwafundisha kupanga madaraja walipokuwa wanaanza. Walimpisha apite mbele, akakataa. Alikuwa amebakiza watu wawili kufika kwa karani simu ikaita.

"Mama, shikamoo." Sauti ya Glory, na nyuma yake watoto wanagombania kitu. "Mbona kelele, uko wapi? Uko nyumbani?"

"Marahaba. Nipo."

"Afadhali. Tumepanga jambo. Shule zikifungwa nawaleta hawa wajukuu zako wakae na wewe mpaka mwaka mpya. Mkubwa kila siku nyumba ya bibi, nyumba ya bibi. Nimeshakata tiketi, sikutaka unikatalie."

Foleni ilisogea. Karani hakuinua kichwa. "Jina?"

"Dominika Zabroni."

"Mama? Unaongea na nani?"

"Umri?"

"Hamsini na mbili."

"Makazi?"

Dominika aliifunika simu kwa kiganja. Ndani ya kiganja sauti ya mwanawe iliendelea, ndogo, ya furaha, ikiuliza kama walete vyandarua au vipo vya kutosha. Nyuma yake msichana mmoja aliguna kwa uchovu wa jua.

"Makazi, mama. Unakaa wapi?"

Alifungua mdomo. Karani alisubiri kidogo, akaitazama foleni iliyokuwa imefika mpaka barabarani, kisha akachora kimstari kwenye nafasi ile tupu na kuita anayefuata.