Nimekuacha

Mchezo niliuandika mimi, na neno moja tu ndilo lililotuletea balaa. Mwishoni mke anamwambia mumewe, "Nimekuacha." Mwongozaji wetu, msomi wa kupindukia, akalikata kwa kalamu nyekundu.

"Mwanamke haachi, anaachwa. Watu watacheka."

"Na wacheke," nikamjibu, nikalirudisha. Mdomo wangu hauna breki.

Aliyecheza mke ni mdogo wangu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Shemeji alishapata habari za lile neno. Alimwonya mkewe jikoni, mbele yangu, mtoto wao akinyonya.

"Ukilitamka mbele za watu, usirudi kwangu. Na mtoto hutamwona."

Alipotoka nikamwambia mdogo wangu tulibadilishe, mchezo ni mchezo tu.

"Dada, uliliandika ili nani alitamke?"

Nilimchukia kwa kuniuliza.

Alasiri ya onyesho ukumbi ulijaa pomoni. Shemeji alikaa safu ya mbele, kanuna, mtoto kampakata. Nilisimama nyuma ya pazia nimeshika maandishi, tayari kumnong'oneza mdogo wangu "umeniacha" endapo angesita. Hakusita.

"Nimekuacha," alisema. Hakumtazama mwigizaji mwenzake. Alimtazama shemeji.

Watu wakaangua kicheko. Walidhani ulimi umeteleza.

"Umeachwa, mwanangu! Sema umeachwa!" mama mmoja akamsahihisha kwa nia njema kabisa.

Mdogo wangu akasubiri kicheko kiishe, kisha akarudia neno lilelile. Safari hii hakuna aliyecheka. Kiti cha shemeji kilikuwa kitupu.

Tulikimbia moja kwa moja hadi kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na mtoto tulimsikia akilia. Mdogo wangu aligonga mpaka mikono ikamvimba. Mimi nilimtukana shemeji matusi yote niyajuayo, na hayakufungua hata dirisha.

Tukaenda kwa mama. Nilimweleza pale sebuleni, naye akajishika kichwa.

"Maskini binti yangu! Ameachwa!"

"Nimeacha, mama," mdogo wangu akasema. "Sema vizuri."

Mama akainuka haraka kufunga madirisha, majirani wasisikie. Mdogo wangu alibaki amesimama katikati ya chumba, bado kavaa gauni la mchezo, na kifuani lilikuwa limelowa maziwa.