Kompyuta Iliyofukiwa na Jivu

Askari walipokaribia Kipese mwaka 2001, Jokébed, karani wa kanisa, aliifukia kompyuta ya ofisi nyuma ya jiko. Aliitia ndani ya gunia, akalijaza jivu. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na orodha ya watoto sitini na watatu waliopotezana na wazazi wao barabarani wakikimbia vita, na nyumba alikopokelewa kila mmoja. Karatasi ziliungua pamoja na ofisi. Tangu wakimbilie Butembo, kila Jumapili Kaswera, mmoja wa wazazi hao, alimwuliza Jokébed ni wapi alikopelekwa mtoto wake Shekinah, na Jokébed hakuweza kukumbuka.

Baada ya miezi minane alirudi Kipese akaifukua, akaipeleka Butembo, mtaa wa Mususa, kwa Kahongya, fundi wa redio aliyependa mashine za zamani kuliko mpya. Hii ilitengenezwa mwaka 1988. Ilipopita mpakani Kasindi kuingia nchini ilikuwa imekwisha kuzeeka. Alipoifungua, jivu likamwagika mezani.

"Mama Jokébed, ulifikiri itaota?"

"Njo vile tunafanyaka na maharagi ya mbegu, juu bidudu bisikule."

"Bidudu habikukula, kweli. Jivu njo ilikula."

Akaeleza kwamba jivu likishika unyevu hula shaba. Ilipasa kulisugua kwa spiriti, na duka la dawa halikuwa nayo, kwa kuwa barabara ilifungwa. Ilibaki kanyanga tu, pombe kali ya kienyeji. Jokébed, ambaye ndiye aliyeandika majina ya waliotengwa kanisani kwa kuinywa, alisali kwanza, kisha akaenda mwenyewe kwa Débora muuzaji, mchana kweupe. Débora akamwuliza kama ni ya kunywea hapo hapo ama ya kubeba.

Walisugua siku mbili kwa mswaki. Kahongya akabadilisha betri iliyooza, akaunga njia za shaba zilizokatika kwa waya mwembamba, kisha akaiandikia mashine namba za diski yake, maana betri ilipokufa ilizisahau. Siku ya tatu akawasha jenereta. Maandishi ya kijani yakatokea. Jokébed hakushangilia, alifungua daftari akaanza kunakili, kwa kuwa fundi hakujua itadumu dakika ngapi.

Jina la ishirini na sita: Shekinah, miaka minne, Beni, kwa Kamate fundi viatu.

Kalamu ilisimama kidogo, ikaendelea. Baada ya jina la hamsini na tisa kioo kikazimika.

"Kwanza wende kwa Kaswera," Kahongya alisema, akichukua bisibisi. "Ile majina ine yenye inabakia, nitaitafuta."

Jokébed alikuwa amekwisha kufika mlangoni.