Presha Inayoanguka Mlimani

"Injini hii inashuka leo," alisema Marijani, na mwenye gereji akishasema hivyo, kila dereva wa Karatu anajua kinachofuata: cheni bloku ya kunyanyulia injini inafungwa kwenye boriti, oili inamwagwa, na gari linakaa uani mpaka kuku watage juu ya siti.

Mzee Josephati aliweka kiganja juu ya boneti ya pikapu yake kama anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Pikapu hiyo ya dizeli ilinizidi mimi umri kwa miaka sita, na tangu mzee astaafu udereva wa shamba kubwa la kahawa, haikuwa imepumzika hata msimu mmoja. Ugonjwa wake ulielezwa kwa sentensi fupi: mlimani, sindano ya presha ya oili inaanguka.

Si jambo la kucheka. Oili ndiyo inayotenganisha chuma na chuma ndani ya injini. Presha ikipotea, chuma kinamtafuna mwenzake, na ukiwa na mzigo mlimani, karamu hiyo haichukui dakika kumi.

"Bernadina wa Oldeani amenipigia tena," mzee alisema. "Wanawake wako shambani na vikapu. Anauliza wachume au waache."

Ilikuwa Agosti, na kule Oldeani kahawa ilikuwa imeiva mpaka matawi yanainama. Kaya sita za upande ule zilitegemea pikapu ya mzee kuvusha kahawa mbivu hadi mtambo wa kumenya, ng'ambo ya kilima, siku ileile inapochumwa. Ikilala ndani ya gunia inachacha. Ikiachwa mtini inaanguka.

"Waambie waache, mzee wangu," Marijani alisema. "Sikufichi. Ama pampu ya oili imechoka, ama beringi zimelika, na zote ziko ndani. Wiki tatu, inshallah."

"Wiki tatu?" Patrisi, mtoto mkubwa wa mzee, aliguna. "Wiki tatu hiyo kahawa itakuwa togwa!"

Mimi nilikuwa chini ya gari, mgongo kwenye gunia, nikitazama sili ya nyuma ya injini, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, jinsi ilivyokuwa ikitokwa na jasho jeusi. Nikajivuta nje.

"Bosi, nipe saa moja kabla ya cheni bloku."

"Hyasinta, stashahada imeanza kukuwasha?"

"Inaniwasha sana. Tumemsikiliza mgonjwa, hatujampima."

Marijani alitazama saa yake, kisha akamtazama mzee. "Saa moja. Wallahi, si na robo."

Sindano ya kwenye dashibodi haijui lolote yenyewe. Inaambiwa na senza, kidude kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini, na habari inapita kwenye waya. Vumbi la magadi la kreta ya Ngorongoro linazila hizo nyaya, na maji ya kuoshea magari yanamalizia. Kwa hiyo niliifungua senza, nikafunga mahali pake geji ya mkono yenye mpira mrefu. Hapo oili yenyewe ndiyo inayosukuma sindano. Hakuna waya wa kudanganya.

Niliwasha, nikaiacha injini ipate moto sawasawa. Sindano ikapanda, ikakaa.

"Senza!" Patrisi alipiga kofi. "Kidude tu! Baba, twende zetu."

"Mzee hakusema inaanguka gereji," nikamwambia. "Alisema inaanguka mlimani. Panda nyuma."

Nilipitisha mpira dirishani, nikaifunga geji kwenye kioo. Marijani alikaa pembeni yangu, mzee na Patrisi nyuma, nikashika barabara ya Ngorongoro. Kwenye tambarare sindano haikutikisika. Tulipoanza kupanda kuelekea lango la hifadhi, Lodoare, ikaanza kutetemeka. Kona ya kwanza ikapungua nusu. Kabla ya kona ya pili ikalala kabisa.

Nilizima injini palepale, nikavuta breki. Magari ya watalii yakatupita, madereva wake wakitupigia honi za kejeli.

"Geji yako mwenyewe imesema," Marijani alisema, bila ushindi. "Senza haina kosa. Pampu."

"Pampu iliyochoka inachoka kote, bosi. Beringi zilizolika zingejionyesha pale uani, oili ikiwa moto. Hii inachoka ikiinua pua tu. Pampu ni nzima. Haina cha kunyonya."

"Itakosaje oili? Mzee anapima kila siku."

"Kila alfajiri," Mzee Josephati alisema kutoka nyuma, akiinua kidevu. "Miaka thelathini na nane sijawasha gari kabla ya kupima. Hata leo imefika alama ya juu."

Hapo ndipo nilipoliona kosa, na lilikuwa langu na la Marijani, sawa kwa sawa. Gari la kijana likiingia uani, kitu cha kwanza ni kuvuta stiki ya kupimia oili, hata awe ameapa. La mzee hatukuvuta. Huku kwetu mkubwa akisema amepima, ukipima tena mbele yake umemwita mwongo bila kufungua mdomo. Tulimpa heshima yake, na heshima ilikuwa inakaribia kumvunjia injini.

"Baba," nikamuuliza, "usiku gari linalala wapi?"

"Palepale siku zote. Juu ya nyumba, kwenye mteremko."

"Limeelekea wapi?"

"Chini. Betri imezeeka, mwanangu. Asubuhi naachia breki, linateremka lenyewe, linawaka."

"Na stiki unaivuta wakati gani?"

"Kabla sijagusa bre..."

Chini ya injini ile kuna bakuli la oili, na kina chake kiko mbele. Hapo ndipo stiki inapozama, na hapo ndipo pampu inaponyonya. Gari likiinamisha pua, oili yote inakimbilia hapo, hata ikiwa kidogo stiki inasema imejaa. Likiinua pua, oili inarudi nyuma, pampu inanyonya hewa.

Marijani alikuwa ameshaelewa na mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikamkanyaga mguu.

Tulirudi kinyumenyume, injini imezimwa, Patrisi akitembea nyuma kutuelekeza, hadi tambarare. Tukangoja oili itulie. Nikafungua boneti.

"Baba, naomba uvute stiki wewe. Mikono yangu imejaa vumbi."

Mikono yangu ilikuwa na vumbi lilelile la siku zote. Mzee alinitazama kidogo, akatoa leso yake, akaivuta stiki, akaifuta, akaizamisha, akaivuta tena. Oili ilikuwa imelowesha ncha tu, chini kabisa ya alama ya chini. Akafuta, akarudia. Mara ya tatu aliigeuza upande wa pili, kana kwamba huko kungekuwa na habari njema. Kisha akampelekea Patrisi, si sisi.

"Unaona? Tangu betri ianze kugoma," alisema polepole, "nimekuwa nikipima kilima."

Patrisi alijitahidi kujizuia, akashindwa. Akacheka mpaka akashika bampa. Mzee mwenyewe akafuata, na Marijani, aliyekuwa akimeza kicheko, akatokwa na machozi.

"Na sisi mafundi wawili tukakipima naye," nilisema. "Oili imetokea ile sili ya nyuma, tone kwa tone, miezi. Nisingehitaji hata geji kama ningevuta stiki saa tatu asubuhi."

"Hilo usilitangaze mjini," Marijani alisema. Alimsimamisha bodaboda, akamtuma gereji kuleta oili.

Ziliingia lita tatu na nusu kabla stiki haijafika alama ya juu. Niliwasha, nikaweka bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni. Nilitafuta mgongano wa chuma kilichokwisha kuumia. Niliongeza moto, nikapunguza, nikasikiliza tena. Injini ilikuwa inanguruma laini, kama mtu aliyeshiba. Mzee alikuwa akiwahi kuzima kila mara sindano ilipoanguka. Huo ndio udereva.

Tukapanda tena. Kona ya kwanza, sindano imekaa. Kona ya pili, imekaa. Marijani aliigonga geji kwa kidole kuhakikisha haijalala usingizi. Tulipofika karibu na lango, mzee alikuwa ameshatoa simu.

"Bernadina? Chumeni. Zote. Nakuja."

"Na sili?" Patrisi aliniuliza.

"Mavuno yakiisha, mlilete siku mbili. Mpaka hapo, stiki kila asubuhi kwenye tambarare. Na betri, kaka, betri mpya leo leo, kabla hamjatoka mjini."

Betri mpya ilipofungwa, niliondoka nao na geji yangu, maana kazi isiyofika mwisho si kazi. Alasiri tulivuka kilima cha Oldeani na magunia kumi na mawili, Bernadina na wenzake wawili wamekaa juu yake wakiimba. Mawe yalikuwa yanaruka chini ya tairi, na sindano ilikuwa pale pale ilipopaswa kuwa. Kwenye mtambo kahawa ilimwagwa ingali ngumu na nyekundu.

Jua lilikuwa limeelemea tuliporudi kwa mzee. Alipita mteremko wake bila kuutazama, akaingia na pikapu uani, akazunguka mara mbili akitafuta. Uwanja mzima ulikuwa na sehemu moja tu iliyo tambarare, na juu yake mkewe, Mama Patrisi, alikuwa amejilaza upande akichambua maharage kwenye turubai.

"Mama Patrisi," mzee aliita kupitia dirishani, "naomba hapo."

"Hapa? Gari? Una wazimu, Josephati?"

"Hyasinta amesema."

Mama alinitazama toka kichwani hadi kwenye buti zenye grisi. Halafu akainuka, akashika ncha ya turubai, akaivuta hatua nne.

"Nusu yako," alimwambia mumewe. "Ukinimwagia oili kwenye maharage, utayala hivyohivyo."